Elimu Haifungiwi kwa Kufuli: Vyuo Vyetu na Programu Huria

Mchoro ule ulikuwa wa kupendeza. Ulikuwa na mistari ya rangi tatu na vipimo pembeni, na mwanafunzi wangu aliuonyesha ukutani kwa fahari ya mtu aliyekesha usiku mwingi akiuandaa. Mtahini wa nje aliutazama kwa muda, akavua miwani yake, kisha akauliza kwa upole: "Bi. mtahiniwa, mstari huu unaoporomoka hapa umetoka wapi?" Mwanafunzi akajibu, "Umetolewa na tarakilishi, Daktari." Mtahini akageuka kunitazama mimi niliyekuwa msimamizi. Sikuwa na jibu lililo bora kuliko hilo.

Tasnifu yenyewe ilihusu toni katika mojawapo ya lugha za Kibantu zinazozungumzwa magharibi mwa Kenya. Msomaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili huenda asilione jambo hili upesi, kwa kuwa Kiswahili hakitumii toni kutofautisha maana za maneno. Lakini katika lugha nyingi za nchi hii, neno lile lile likitamkwa kwa sauti ya juu huwa na maana moja, na likitamkwa kwa sauti ya chini huwa na maana nyingine kabisa. Kwa hivyo mtafiti wa toni hana budi kupima kasi ya mtetemo wa nyuzi za sauti za msemaji, silabi baada ya silabi. Binti huyu alikuwa amewarekodi wazee wa kijijini kwao, mmoja wao akiwa nyanya yake mzaa mama. Akaziingiza sauti hizo katika tarakilishi, na programu tuliyokuwa nayo idarani ikamchorea mistari. Mistari ikaonyesha mporomoko wa toni ambao hakuna mwanaisimu aliyewahi kuueleza katika lugha ile. Akaandika sura mbili kuuhusu. Nami nikazisoma, nikafurahi, nikaziidhinisha.

Baada ya utetezi ule tulirudi mezani na kuanza upya. Tuligundua kwamba mporomoko ulitokea katika sauti ya nyanya peke yake, na kila mara ulikuwa wa nusu kwa nusu. Pale sauti ya ajuza huyo ilipopanda hadi mitetemo 340 kwa sekunde, programu iliandika 170. Sababu yake si ngumu kueleweka. Chombo cha kupima kidatu huwekewa kikomo cha juu, nacho hakitafuti sauti kupita hapo. Sauti ikikivuka kikomo hicho, aghalabu chombo hukamata nusu yake na kuidhania kuwa ndiyo. Kikomo cha programu ile kilikuwa kimewekwa kwenye 300, kiwango kinachofaa sauti za wanaume. Lugha haikuporomoka popote. Kilichoporomoka ni hesabu. Sura mbili zikatupwa, na miezi minane ikapotea. Aliyeumia ni mwanafunzi. Mshahara wangu haukupungua hata senti moja.

Je, kwa nini hatukujua mapema? Kwa sababu programu ile ilikuwa ya wizi. Ilikuwa ya kibiashara, na bei yake ingalimeza bajeti ya idara yetu. Basi mtu fulani aliinakili zamani, kufuli yake ikavunjwa, ikawa inapita mkono hadi mkono katika diski ndogo za mfukoni. Haikuwa na kitabu cha maelezo. Hakuna aliyejua ni nani aliyekiweka kikomo kile, wala ni wapi kilipofichwa. Na hata kama tungaliinunua kwa njia ya halali, bado tusingaliweza kuona ndani yake jinsi hesabu inavyofanywa, maana siri hiyo ndiyo mali ya mwenye kuiuza. Ninakiri haya hadharani kwa kuwa najua siko peke yangu. Wahadhiri wenzangu wanaosoma ukurasa huu wanafahamu vyema ninachokisema, hata kama hawatatikisa kichwa mbele ya watu.

Nionavyo mimi, msomi asiyeweza kukifungua chombo chake akaona kinavyofanya kazi hana haki ya kuapa kwa matokeo ya chombo hicho. Ndiyo maana ninadai leo kwamba vyuo vikuu vyetu viyajenge mafunzo na utafiti wake juu ya programu huria, tena vifanye hivyo vikiwa washiriki wa kazi, wala si wapokeaji wa sadaka. Madai haya yana sehemu mbili, na ile ya pili ndiyo nzito zaidi.

Kwanza yafaa tuelewane kuhusu maneno. Waingereza wana neno moja wanalolitumia kwa kitu kisicholipiwa na pia kwa mtu asiyefungwa, na jambo hilo limezua mabishano yasiyokwisha miongoni mwa watunzi wa programu. Sisi lugha yetu imetujalia maneno mawili: bure na huru. Programu inaweza kuwa ya bure pasipo kuwa huru: unapewa uitumie, lakini huonyeshwi ilivyotungwa, na mwenyewe anaweza kukunyang'anya kesho. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inampa mtumiaji ruhusa ya kuitumia kwa shughuli yoyote, kuusoma msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtunzi, kuurekebisha, na kuwagawia wengine nakala, iwe ya asili au iliyorekebishwa. Fikra hii ilipata msemaji wake mkuu mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alipoutangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikapata leseni yake mashuhuri iitwayo GPL. Bure ni habari ya mfuko. Huru ni habari ya akili. Mimi natetea hiyo ya pili.

Programu iliyotuokoa mimi na mwanafunzi wangu inaitwa Praat, neno la Kiholanzi linalohusu kuzungumza. Ilianza kutungwa mwaka 1992 na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambao ni wanafonetiki. Hupokea sauti iliyorekodiwa, ikaichora ili macho yaone kile ambacho masikio yamesikia, na ikapima kidatu, muda na nguvu zake. Mwaka 1993 Boersma alichapisha makala inayoeleza jinsi kidatu kinavyokadiriwa, na msimbo wenyewe uko wazi kwa yeyote anayetaka kuulinganisha na makala hiyo. Sisemi kwamba Praat haikosei. Nayo ina vikomo vyake vilivyowekwa tangu mwanzo, na mtumiaji mzembe atapotoka nayo vilevile. Tofauti ni kwamba kikomo kiko mbele ya macho yako, maelezo yake yanakushauri ukipandishe unapochunguza sauti ya mwanamke, na ukitaka kujua kwa nini, njia ya kujua haijazibwa. Kosa ambalo halikutujia akilini kwa muda wote wa utafiti, tulilipata na kulieleza kwa alasiri moja.

Mfano wa pili unawahusu walimu moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wahadhiri wawili wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, walihitaji programu ambayo wangeitumia kuwafundishia wanafunzi wao. Hawakuridhika na zilizokuwapo, wakatunga yao wakaiita R, kwa herufi ya kwanza ya majina yao. Mwaka 1995 waliitoa kwa leseni ya GPL. Mwaka 1997 likaundwa kundi la watunzi kutoka nchi mbalimbali la kuisimamia, na tarehe 29 Februari 2000 likatoka toleo lililotajwa kuwa la kwanza kamili. Leo wanaitumia wanabiolojia, wachumi, wanasaikolojia na sisi wanaisimu. Kilichoanza kama zana ya darasa moja kimekuwa zana ya dunia, kwa sababu walimu wawili hawakuifungia kabatini. Ninapowasikia wahadhiri wetu wakisema kwamba kazi ya kutunga programu ni ya wahandisi wa makampuni makubwa, huwakumbuka Ihaka na Gentleman. Walikuwa na wanafunzi wa kufundishwa na maabara ya kawaida ya chuo, hali tunazozijua.

Wala tusidhani kuwa dhiki ya kugombea leseni ni ya Waafrika pekee. Mapema katika karne hii, John Hunter alikuwa mtafiti wa nyurobiolojia mjini Chicago, Marekani, akichunguza mawimbi ya umeme ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Maabara yao ilikuwa na leseni moja tu ya programu ya kuyaonyesha mawimbi hayo. Madaktari wanafunzi na watafiti walikuwa wakipokezana ufunguo wake, yaani kile kidude kinachochomekwa kwenye tarakilishi ili programu ikubali kufanya kazi. Hunter alichoka na foleni hiyo. Mwaka 2003 alitoa hadharani programu yake mwenyewe ya kuchora michoro ya kisayansi, Matplotlib, na akaiacha wazi ili kila mtu aiboreshe. Aliaga dunia mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 44. Tarehe 10 Aprili 2019, wanaastronomia walipouonyesha ulimwengu picha ya kwanza ya shimo jeusi, lililo katikati ya kundi la nyota la M87 umbali wa takriban miaka milioni 55 ya mwanga, Matplotlib ilikuwa miongoni mwa zana walizozitumia. Mtu aliyetaka kuyaona mawimbi ya ubongo wa mgonjwa aliwasaidia wengine kuiona picha ya kitu kilicho mbali kiasi hicho, miaka saba baada ya kufa kwake.

Huenda msomaji akauliza: kuna faida gani kwa mwanafunzi wa kawaida kuona undani wa hesabu za wakubwa? Nitajibu kwa kisa kinachojulikana sana. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala iliyodai kuwa nchi ambazo deni lake linapita asilimia 90 ya pato la taifa hukua kwa kasi ndogo mno, wastani ukiwa asilimia 0.1 chini ya sufuri. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliitumia makala hiyo kutetea kubana matumizi ya serikali. Kisha mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst, Thomas Herndon, alipewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za makala yoyote iliyochapishwa. Akachagua hiyo. Hakuweza kuyapata matokeo yale yale hadi alipowaomba waandishi wenyewe jedwali lao, nao, kwa sifa yao, wakampa. Akaona kwamba hesabu ya wastani ilikuwa imeziacha nchi tano kwa kosa la kuteua safu. Mwaka 2013, pamoja na walimu wake wawili, alionyesha kuwa kosa hilo likirekebishwa, pamoja na mambo mengine waliyoyapinga katika uteuzi wa data na namna ya kuzipa nchi uzito, wastani huwa asilimia 2.2. Waandishi walikubali kosa la jedwali, ingawa waliendelea kutetea hoja yao kuu.

Naomba wanafunzi walitafakari jambo hili. Herndon hakuwa na cheo wala jina. Alichokuwa nacho ni zoezi la mwalimu wake na ruhusa ya kuyaona maandalizi ya chakula, si sahani iliyopakuliwa tu. Elimu isiyoonyesha maandalizi yake humlazimisha kijana kumwamini mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Sisi Waafrika tumeambiwa mengi kuhusu uchumi wetu, afya yetu na hata lugha zetu kwa michoro ambayo hatukujua ilikotoka. Haifai sisi wenyewe tuwafanyie wanafunzi wetu hivyo hivyo.

Walimu wa shule nao wasidhani kuwa habari hizi ni za vyuo vikuu peke yake. Mwaka 2002 Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder mradi uitwao PhET, unaotunga majaribio ya sayansi na hisabati ya kufanyia kwenye kioo cha tarakilishi. Mwanafunzi huunganisha nyaya na betri, akaona mkondo wa umeme ukipita. Hubadilisha urefu wa pendulo, akahesabu mizunguko yake. Mwalimu anaweza kuyahifadhi majaribio hayo katika tarakilishi ya shule na kuyatumia mahali pasipo na intaneti. Msimbo wake umewekwa wazi, na baadhi ya majaribio yametafsiriwa kwa Kiswahili. Sidai kuwa picha ya kioo ni badala ya maabara; moto wa kweli huunguza, nao huo ni somo. Lakini katika shule ambayo betri ni mbili na wanafunzi ni 60, mchoro unaosogea ukiguswa ni afadhali kuliko mchoro wa chokaa usiosogea.

Sasa nizikabili pingamizi, maana zipo, na baadhi yake zina uzito. Ya kwanza ni ile ya wahenga kwamba rahisi ghali. Wako wanaoamini kuwa kitu kisichouzwa hakina thamani. Hawa nawajibu kwamba lugha yenyewe haiuzwi. Hakuna anayelipia leseni ya kutumia ngeli za Kiswahili, na kila mzungumzaji ana haki ya kuunda sentensi mpya na kumpa jirani. Jedwali la kuzidisha halina mwenyewe. Elimu imekua kwa kugawana, na programu ya utafiti ni namna mojawapo ya maandishi ya elimu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wanasema kuwa kuwekwa wazi hakuhakikishi kwamba mtu atatazama. Ni kweli. Mwaka 2014 iligunduliwa hitilafu kubwa katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano ya intaneti. Hitilafu hiyo, iliyoitwa Heartbleed, ilikuwa imekaa humo tangu mwaka 2012 mbele ya macho ya ulimwengu. Mlango ulio wazi haumwiti mtu kwa jina. Hata hivyo, jambo hili halitetei mlango uliofungwa. Linatufundisha kuwa uwazi ni fursa, na fursa huhitaji watu waliofunzwa kuitumia. Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanzia.

La tatu linagusa riziki. Programu hizi hutungwa na watu ambao mara nyingi hawalipwi kwa kazi hiyo. NumPy, ambayo ndiyo msingi wa hesabu za kisayansi kwa wanaotumia lugha ya Python, ilitoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 2006. Lakini haikupata ufadhili wake yenyewe hadi mwaka 2017. Kwa zaidi ya miaka kumi maabara tajiri zaidi duniani ziliegemea nguzo iliyoshikiliwa na watu wa kujitolea baada ya saa za kazi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na methali hii hutuhusu hata ndugu mwenyewe awe mkarimu. Nikiwaambia wanafunzi wangu waiache programu ya wizi na kuchukua ya huria, kisha nikaishia hapo, nitakuwa nimewatoa katika wizi na kuwatia katika kuombaomba. Ni afadhali, lakini haitoshi.

Basi hapa ndipo penye sehemu ya pili ya madai yangu. Yako mambo ambayo hakuna Mholanzi wala Mmarekani atakayetufanyia, si kwa ubaya, bali kwa kuwa hayamkereketi. Ni nani atakayetunga programu ya kuzitambua toni za lugha zetu kama si sisi tunaozisikia? Ni nani atakayeona kwamba jedwali fulani haliipokei herufi yenye alama ya toni kama si mwalimu anayeiandika kila siku? Tulikwisha kuonyeshwa kuwa inawezekana. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden walitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Kazi ile iliwalazimu watafute istilahi za mamia ya amri ambazo hazikuwa na maneno yaliyozoeleka, na waliweza kuifanya kwa sababu leseni iliwaruhusu. Hawakuhitaji kumpigia magoti mwenye kampuni ili lugha yao iingie katika chombo.

Si lazima mtu awe bingwa wa tarakilishi ndipo achangie. Anayeripoti hitilafu kwa uangalifu, akaeleza alichofanya, alichotarajia na kilichotokea, amechangia. Anayeandika maelezo ya matumizi kwa Kiswahili chepesi amechangia. Anayeiweka data yake wazi, kwa idhini ya wale waliompa sauti zao, amechangia pia. Haba na haba hujaza kibaba, na programu zote nilizozitaja zilijazwa kwa haba za namna hiyo.

Lakini haya yote yatabaki kuwa mahubiri mradi vyuo vyetu vinaendelea kuwapima wahadhiri kwa mizani mbovu. Nimekaa katika vikao vya kupandisha watu vyeo. Makala katika jarida huhesabiwa. Sura katika kitabu huhesabiwa. Mara moja mwenzetu mmoja alileta programu aliyoitunga kwa miaka mitatu, iliyokuwa ikitumiwa na idara kadhaa, na swali aliloulizwa ni kama ilikuwa imechapishwa. Alipoeleza kuwa msimbo wake uko wazi na kwamba yeyote anaweza kuusoma, kuupima na hata kuukosoa mstari kwa mstari, mjumbe mmoja alisema kwamba basi hiyo ni huduma kwa jamii, si usomi. Nami nilikuwapo, na sikusema kitu. Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi ni makala ngapi zilizohesabiwa siku ile ambazo mtu yeyote angeweza kuzipima kwa kiasi hicho.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu ziwafundishe wanafunzi wa uzamili, wakiwemo wa isimu na fasihi, kutumia angalau programu moja huria ya takwimu na michoro, na kitengo cha tarakilishi cha chuo kiwe na mtu wa kuwasaidia. Sehemu ya fedha zinazookolewa katika leseni zimlipe mtu huyo, ili tusije tukadhani kuwa huria ni sawa na kuachwa peke yako. Pili, kila tasnifu yenye mchoro au jedwali la hesabu iambatane na data pamoja na maagizo yaliyoutoa mchoro huo, ili mtahini aweze kuurudia mwenyewe. Swali la "umetoka wapi" lisiwe tena la kumwaibisha mtu. Tatu, kanuni za kupandisha vyeo ziitambue programu iliyotungwa, ikapimwa na wataalamu wenzake na kutumiwa na wengine, kuwa ni kazi ya usomi iliyo sawa na makala.

Mambo hayo hayahitaji mfadhili wala mgeni wa heshima wa kuyazindua. Yanahitaji seneti ya chuo iketi alasiri moja na kuamua.

Nami nitimize deni langu kwa yule binti. Alirudi kijijini, akamrekodi nyanya yake upya, na mara hii alikaa naye wakiitazama mistari pamoja kwenye kioo. Ajuza alicheka kuona sauti yake ikipanda na kushuka kama vilima vya kwao. Tasnifu iliandikwa tena, fupi kuliko ya awali na isiyo na ugunduzi wa kushangaza, ikapita. Kabla ya kuondoka chuoni alitunga maagizo ya mistari kama 60 yanayofanya kazi ndani ya Praat: huipitia rekodi yote, na kila mahali kidatu kinapoanguka kwa nusu ghafla, hutia alama ili mtafiti aende akasikilize kwa masikio yake. Alinipa nami nikawagawia wengine. Wanafunzi watatu wamekwisha kuyatumia, na mmoja wao ameyarekebisha yafae sauti za watoto.

Majuzi aliomba nafasi ya ukufunzi katika chuo kimoja cha humu nchini. Katika fomu ya maombi palikuwa na sehemu ya kuorodhesha machapisho. Alinipigia simu kuniuliza, "Mwalimu, zile mistari 60 niziandike wapi?" Niliitazama fomu ile kutoka juu hadi chini. Hapakuwa na mahali.